Deli la Bibi Walburga

Hedwiga alikuwa mfamasia pekee, katika hospitali ile ndogo ya Mbinga, aliyechanganya dripu za wagonjwa wanaotibiwa majumbani, na kazi ilikuwa imemchosha mpaka kwenye mifupa. Kila alfajiri alivaa gauni, barakoa na glavu, akajifungia kwenye chumba kisicho na dirisha, akavuta dawa kwa sindano kutoka vichupani na kuiingiza kwenye mifuko ya maji. Ukikohoa umeharibu, unaanza upya. Mgongo ulimuuma tangu Kwaresima.

Aliyemnyima raha zaidi ni Bibi Walburga wa Lundo, kule ziwani. Vijidudu vilikuwa vimeingia kwenye mfupa wa mguu, na bibi alikataa katakata kulala wodini. Basi kila siku ya tatu Egidi, dereva, alishusha kwake deli, sanduku la kutunzia baridi, lenye barafu na mifuko mitatu, akarudi na deli la safari iliyopita. Muuguzi wa zahanati alimfuata nyumbani na kumtundikia mfuko mmoja kila asubuhi. Siku mbili bibi alikuwa mzima, siku ya tatu homa inapanda. Wiki tatu mfululizo. Daktari akasema homa ikirudi tena, mguu ukatwe.

Hedwiga alijilaumu mwenyewe. Alisugua meza, akabadilisha maji, akaitilia shaka mikono yake. Faraja yake ilikuwa moja tu: deli la Lundo halikurudi bila samaki ndani, mbasa wanono wa ziwani. Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, ndivyo walivyolelewa kule, na Hedwiga naye alilelewa hivyohivyo. Alikaanga, akala, akashukuru.

Jumatatu ile alipofungua deli aliona barafu imekwisha kabisa, akauliza samaki wamewekwa lini. Egidi akamjibu bila wasiwasi kwamba ni tangu jana asubuhi, wajukuu wakitoka kuvua. Na mfuko wa mwisho ulikuwa wapi? Juu ya kabati, akasema Egidi, maana deli lilijaa.

Hedwiga akakaa chini. Dawa ile haivumilii joto hata nusu siku. Wiki tatu alikuwa akiila homa ya bibi wa watu, tena kwa ndimu. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Akapiga simu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Samaki wamefika?"

Akamweleza yote taratibu, asifiche kwamba kosa ni lake, kwani hakuwahi kuuliza.

"Sasa nilirudishe tupu, watu wakiona?"

"Tupu, bibi. Samaki nitakuja kumla kwako, siku utakapomkaanga umesimama."

Simu ikakatika.

Siku tatu zile Hedwiga alichanganya dripu huku moyo uko Lundo. Alhamisi Egidi akashusha deli, akaliweka mezani. Alisema bibi alimkabidhi akiangalia pembeni, kama mtu aliyefumaniwa, na kwamba muuguzi alipima homa asubuhi ile asiikute.

Hedwiga akafungua kifuniko. Ndani hamkuwa na kitu, ila lilikuwa limesuguliwa kwa sabuni mpaka kwenye kona, likakaushwa kwa kitambaa. Akaliangalia muda mrefu, machozi yakamtoka. Kisha akafuta uso, akavaa glavu, maana mifuko ya mgonjwa mwingine, wa Mpepai, ilikuwa bado kuchanganywa.