Siku Niliyotetea Ushuru wa Sigara Nikiwa na Sigara Mfukoni

Hii aibu siipendi, na hata sasa nikipita karibu na ule ukumbi wa mji wetu wa Tawa huwa najifanya naangalia simu, lakini kwa sababu wengi wenu mmeisikia ikiwa imetiwa chumvi, afadhali muisikie kwangu mwenye mdomo uliofanya kazi hiyo.

Kaka yangu Musyoka alikuwa dereva wa malori, akiishi pale mji wa Salama barabarani, hadi chakula kikaanza kukataa kupita kooni na akaletwa kwangu kwa sababu mke wake Kalekye hangeweza kumuuguza peke yake. Saratani ya koo. Madaktari walimuuliza kama anavuta, kama anakunywa chai ya moto sana, kama kuna mwingine wa ukoo aliyeugua hivyo, na mwishowe mmoja akasema kwa upole kwamba hawajui vizuri kwa nini watu wa huku wanaugua koo namna hii, utafiti ni mdogo. Hilo neno lilinikaa. Basi niliposikia kuna kikao cha wananchi kutoa maoni, kama ushuru wa sigara upandishwe na pesa zake ziende kwa utafiti wa saratani, nikasema huko lazima niende, maana mimi ni mwenyekiti wa akina mama kanisani na kuongea siogopi (ningeogopa kidogo ingekuwa heri).

Asubuhi hiyo ilikuwa ile baridi ya Julai yenye manyunyu, na sweta yangu ilikuwa haijakauka. Nikatoa koti la Musyoka kwenye msumari, nikakunja mikono yake, nikaenda. Kosa lilianza hapo tu.

Ukumbi ulijaa. Kalekye alikaa safu ya pili, kando ya pasta wetu, yule aliyesimamia mchango wa matibabu na kuwatangazia washirika kwamba Musyoka ameachana na sigara, Mungu amemfungua. Wa kwanza kuongea alikuwa Mzee Kimeu, anayeuza tumbaku na ugoro sokoni, akasema ushuru huo utamuumiza maskini na utafiti wenyewe utafanyiwa Nairobi, hatutauona. Halafu nikapewa maiki. Niliongea vizuri, jamani, hilo sitajinyima. Nilisema sigara ndiyo inatuzika, basi ilipie kazi ya kutafuta chanzo na dawa, watafiti waje hapa, wafike hata kule mbali Tseikuru, watuulize tunakula nini na tunavuta nini. Watu wakapiga makofi. Machozi yakanitoka, nikaingiza mkono mfukoni kutafuta leso, nikaivuta, na pamoja na leso ikatoka pakiti ya sigara, ikaanguka, ikafunguka, sigara zikabingirika hadi miguuni pa afisa wa kaunti, na kiberiti kikafuata.

Halafu Mzee Kimeu: "Mama Mwende! Kumbe wewe pia ni kastoma!"

Walicheka hadi wengine wakashika mbavu. Ningecheka nao, niseme ndiyo ni zangu, yangeishia hapo. Lakini niliona uso wa pasta, nikafikiria cheo changu, nikapayuka kwa maiki:

"Si zangu! Koti ni la Musyoka! Sigara ni za Musyoka!"

Kicheko kilikatika kama stima. Kalekye aliinama akafunika uso na kitambaa chake. Mzee Kimeu akasimama tena, safari hii bila mzaha.

"Mmesikia wenyewe? Tulipishwe ushuru kwa ajili ya mtu ambaye ako na saratani na bado anavuta?"

Makofi aliyopata yalishinda yangu. Nikajaribu kusema utafiti si wa Musyoka peke yake, ni wa watoto wetu, lakini afisa akaniambia kwa adabu, "Asante mama, muda umekwisha," akachukua maiki. Walioongea baada yangu karibu wote walipinga.

Kalekye alitembea mbele yangu hadi nyumbani. Habari ilikuwa imetutangulia (kuna mtu alinirekodi na simu). Musyoka alikuwa ameketi kitandani, amebaki mifupa, sauti nyembamba hadi lazima uiname ndiyo uisikie.

"Mwiitu wa mwaitu," akaniita, yaani binti wa mama yangu, "umenimaliza."

"Ulituambia umeacha," nikamwambia.

"Nimeacha mara nyingi." Akapumzika, akavuta pumzi. "Nyote mliniuliza kama nimeacha. Hakuna aliyeniuliza kama naweza."

Washirika wakapunguza kuja kumwombea, na pasta alikuja mara moja, akaomba akiwa amesimama, akaondoka. Musyoka alikufa kabla mvua za Novemba hazijaisha, na kaburini nikasikia mtu nyuma yangu akinong'ona kwamba huyu alijitakia. Sikugeuka kumwangalia, maana maneno hayo ni mimi niliyeyapanda.

Ushuru wenyewe sijui ulifika wapi. Mwaka huu kulikuwa na kikao kingine kama hicho, mjini Kitui, kaunti ya jirani, nikaenda, nikasema pesa za sigara zitafute pia njia ya kumsaidia mtu kuacha, kwa sababu kuna wanaotaka na inawashinda. Afisa akaniuliza kama kuna mtu wa aina hiyo ninayemjua.

"Yuko," nikasema, nikaketi. Jina nikabaki nalo. Kaunti mbili zinaweza kunicheka hadi zichoke, lakini mgonjwa sitamwanika tena mbele ya watu ili mimi nionekane msafi.