Kitabu cha mpiga gitaa wa rock kilivyonifanya nimwelewe kaka yangu

Wakuu, heshima kwenu. Ninachoandika kimetokea nyumbani kwetu Pito, hapa Sumbawanga, na sijaongeza chumvi.

Mimi ni shabiki wa rock. Huku tuko wachache, washikaji huniuliza, "Hizo kelele unazielewa?" Aliyenifundisha kuzipenda ni kaka yangu Deo.

Mwaka jana Deo aliacha kazi mjini, akarudi nyumbani, akajifungia chumbani. Haogi, hali, haongei. Baba akasema ni uvivu. Majirani wakasema karogwa (sifa za uchawi za mji wetu mnazijua). Mimi sikujua niamini lipi.

Basi mshikaji mmoja wa Dar akaniletea kitabu cha maisha ya mpiga gitaa ambaye mimi na Deo tunamkubali sana. Nilitegemea story za tour na ugomvi wa bendi. Zimo, tena nyingi.

Lakini katikati jamaa anaeleza alivyorudi kutoka tour akalala tu. Hata kuoga kulimshinda. Mashabiki wanamwomba autograph, yeye anawaza kufa.

Niliacha kusoma hapo hapo.

Nikaenda kwa Deo, nikakaa sakafuni, nikamsomea sura ile. Nilikuwa naigeuza Kiswahili ili mama, aliyesimama mlangoni, naye aelewe.

Deo alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Rudia hapo kwenye kufa."

Nikarudia.

"Na mimi ndiyo hivyo hivyo."

Mama akaketi kitandani, akamshika miguu. "Mwanangu, mbona hukusema?"

"Ningesemaje, mama? Mlishasema ni uvivu."

Kesho yake mama akamwambia baba, "Nampeleka hospitali. Wewe ukitaka kubaki na mahindi yako, baki."

Lakini tulipofika barabarani tukamkuta baba nyuma yetu. Kwenye benchi la hospitali alivua koti lake, akamfunika Deo mabegani. Baridi ya huku mnaijua.

Sasa Deo anatumia dawa na anaonana na daktari. Siku mbaya bado zipo. Ila juzi alibishana na baba kuhusu mbegu za mahindi mpaka mama akawanyamazisha. Nilitoka nje nikalia kwa furaha.

Nilichojifunza: mtu akibadilika ghafla, muulize kabla hujampa jina.

Kama una ndugu wa hivi, au ni wewe mwenyewe, andika hapa chini. Wenye utani, leo naomba mtupishe.