Kidonge Kilichopimwa Siku za Jua

Nakumbuka shaka moja, mwanangu, iliyonikosesha usingizi wiki nzima: je, kidonge changu kitasema kweli siku ambayo sipo? Ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka chuoni, kijana wa kuwaza jambo moja mara kumi, na bado nikakosea.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Soko lilifunguliwa, milango ya mabanda ikafungwa. Tajiri mmoja wa Newala alikuwa na banda la kubangulia korosho, na alilifunga kwa nje akiogopa akina mama watatoka na korosho kwenye khanga. Wanawake wazima, wamefungiwa kama kuku! Na humo ndani majiko ya mkaa ya kukaushia yanawaka. Hewa ya mkaa haina harufu. Humuua mtu akidhani anasinzia. Akaniagiza kifaa cha kuitambua, awaonyeshe wakaguzi kwamba banda lake ni salama.

Nilikitengeneza kwenye karakana moja Masasi. Nilisaga oksidi ya lanthanamu, madini adimu, pamoja na ya chuma mpaka mikono ikafa ganzi, nikachoma unga kwenye tanuri, nikausaga tena, nikaukandamiza ukawa vidonge kama vya malaria, nikavichoma mara ya pili. Kidonge chenye joto kikikutana na hewa ya mkaa, umeme hupita kwa shida, na sindano ya mita inayopima ugumu huo hupanda. Nilikipima ndani ya chupa kavu yenye hewa ya mkaa, tena na tena. Sindano ilipanda kila mara. Nikajiona bingwa.

Bandani nilimkuta Mama Zuhura, mkubwa wa wabanguaji, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hicho ndicho kitakachotunusia?"

"Ndiyo. Nimekipima siku nyingi."

"Za jua?" Wenzake wakacheka. "Mwanangu, hapa kwetu asubuhi ukungu unaingia mpaka kwenye sufuria. Umekiuliza siku ya ukungu?"

Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu. Naona aibu hata leo. Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.

Kesho yake ukungu ulishuka. Nilikaa ndani na akina mama, majiko yakawaka. Sindano ikajinyanyua kidogo, ikalala. Na Mama Zuhura ameshika kichwa, anatapika kwenye ndoo. Unyevu ulikuwa umekiziba kidonge. Tuligonga mlango kwa mawe mpaka mlinzi akafungua.

Tajiri akaja na fomu ya kuthibitisha kifaa mkononi. "Injinia, tia sahihi. Ukungu ni wa Mungu, saa nne utaondoka."

"Na komeo ni la nani?" nikamuuliza.

Niliichukua kalamu, mwanangu. Lakini niliandika kwenye fomu ile: *Hakijapimwa kwenye ukungu. Kisitumike.* Nikaipeleka kwa mkaguzi kwa mkono wangu, kisha nikarudi Masasi, nikaweka birika la maji yanayochemka kando ya chupa yangu, nikaanza kupima upya.

Basi shika hili: chombo cha kulinda pumzi za watu kipime pale wanapopumulia, na kwanza muulize anayepumua. Shaka yako usiilaze; ipe kazi. Na usiweke sahihi yako mahali ambapo usingekubali kumfungia mama yako.

Mungu akupe kifua kipana, na akujaalie kufanya kazi milango ikiwa wazi.