Mgonjwa wa Kitanda cha Kumi na Moja

Wodi ya wanawake siku hizi ina ukimya usiopendeza. Unasikia magurudumu ya toroli, unasikia mtu akikohoa kwa adabu, unasikia hata bomba likidondosha maji kwenye sinki. Zamani usingeyasikia hayo, kwa sababu Honi alikuwepo.

Honi alikuwa nesi, na jina hilo alipewa na wagonjwa. Kwa miaka ishirini na miwili aliwafokea hadi wakapona, wengine kwa hofu tu. Likizo aliiona kuwa ugonjwa wa wavivu. Mwenzake asipofika kazini, yeye ndiye aliyebaki. Na nyumbani mumewe akazoea kuzungumza na koti lake lililotundikwa mlangoni. Presha za watu alipima mia kwa wiki. Yake hakuigusa. Mwaka uliotangulia, mfamasia wao, mtu wa rika lake, alianguka mlangoni mwa stoo ya dawa, na upande wake wa kulia haujaamka hadi leo. Honi alimpelekea machungwa, akamfokea, akarudi kazini.

Asubuhi moja, baada ya zamu mbili mfululizo, aliingia ya tatu. Mgonjwa wa kitanda cha kumi na moja alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani, lakini faili lake lilikuwa bado linaning'inia pale. Honi alikwenda kubadilisha shuka, akakaa kitandani. Akaegemea kidogo. Akajifunika.

Saa tatu daktari bingwa akapita na wanafunzi wake sita. Bingwa huyu alikuwa na mazoea ya kusoma faili, si uso.

"Mama wa miaka sitini na mmoja, ametolewa mawe kwenye nyongo. Mpimeni presha, aende zake."

Mwanafunzi akamshika mkono. Honi, macho yamefumbwa, akanguruma: "Mkono wa kushoto, bwege wee, na usikaze kama unafunga mbuzi!"

"Andika," alisema bingwa. "Mgonjwa ana matusi."

"Mia na tisini na tano kwa mia na ishirini, daktari."

Kalamu ikasimama. Mwanamke wa usafi, aliyekuwa akipiga deki kando ya kitanda, akainua kichwa. "Daktari, huyo si mgonjwa. Huyo ni Honi."

"Kwa presha hii," alisema bingwa, akiutazama uso kwa mara ya kwanza, "ni mgonjwa kuliko wote humu."

Honi akaamka. "Mashine mbovu hiyo!"

"Mbovu?" Matroni, mkuu wa manesi, alikuwa ameshafika. "Si ndiyo unayowapimia watu kila siku?"

"Na nani kasema nina miaka sitini na mmoja? Nina arobaini na tisa! Viatu vyangu viko wapi?"

"Nimevifungia stoo tangu uliposinzia," alisema mwanamke wa usafi. "Ufunguo uko hapa kifuani. Njoo uuchukue, shoga, kama una ubavu."

Wagonjwa walicheka hadi mishono ikawauma. Manesi wakaishusha ratiba ukutani, wakagawana zamu zake za wiki mbili palepale, kila mmoja akilalamika huku akiandika jina lake. Matroni akampigia simu mume wa Honi.

"Amelala?" mume aliuliza. "Kitandani? Msimwamshe, dada. Mimi sijaona hilo tangu mwaka juzi."

Honi aliwatukana wote mpaka saa sita. Watu walipomwacha wakaenda kula, aliivuta ile mashine, akajipima mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kisha wa kushoto tena. Alizitazama namba kwa muda mrefu. Mkono wa kulia akaukunja na kuukunjua, polepole, kidole kwa kidole. Halafu akalala bila kuambiwa na mtu. Siku ya tatu matroni alimletea fomu ya uhamisho, naye akaisaini huku akimkosoa mwandiko.

Sasa yuko chumba cha chanjo, ghorofa ya chini. Anaingia saa mbili asubuhi, anatoka saa tisa, na kila siku anameza kidonge kimoja baada ya chai.