Sherehe ya Kijapani Iliyogeuzwa Msiba

Nimekasirika kweli kweli.

Wiki nzima nimebandika tepu za rangi kwenye ukuta wa ukumbi mmoja hapa Bariadi, kwa ruhusa ya msimamizi. Sikutumia brashi, ni tepu tupu iliyokatwa kwa wembe. Picha ilikuwa ya sherehe ya Kijapani: wanaume wamefunga vitambaa kichwani, wamebeba mabegani hekalu dogo la mbao lenye ndege wa dhahabu juu, wanaimba midomo wazi.

Leo asubuhi mwenye hoteli kutoka Lamadi alikuwa anakuja kuiona. Akiipenda, ananipa kuta zake nizipambe.

Nafika, namkuta shangazi wa bibi harusi amepanda kiti, anabandua!

"Mayu, mama yangu, unafanya nini?"

"Natoa msiba! Jioni tuna harusi, wewe unatuwekea watu wamebeba jeneza wanalia?"

"Hawalii, wanaimba!"

"Na vitambaa kichwani? Si wafiwa hao?"

Wenzake waliokuwa wakipamba ukumbi wakapiga vigelegele. Tepu zangu nyekundu walishazitumia kubandikia maputo.

Mara mgeni wangu akaingia. Nikaanza kumweleza, hata hanisikilizi. Anatazama maputo.

"Kazi safi hii. Kapamba nani?"

"Mimi, baba," shangazi akajibu, tepu yangu bado imenasa kidoleni mwake.

Wakapeana namba za simu mbele yangu.

Atakayeniandikia "yote heri" namfuta urafiki. Jibuni hili tu: mmeona wapi jeneza lenye ndege wa dhahabu juu yake?