Kavindu na Nyigu wa Mlango wa Jikoni

Katika boma la Mbaluka kulikuwa na nyigu wa aina mbili, na mkewe Kavindu aliwajua kuliko mtu yeyote. Mimi ni jirani yao hapa Matinyani. Maboma yetu yanatenganishwa na ua wa mkonge tu, na mengi ninayosimulia niliyaona nikiwa nimesimama pale na ndoo yangu, kwa sababu mimi si mwanamke wa kupita haraka penye mazungumzo.

Aina ya kwanza ni yule mweusi mwenye kiuno chembamba kama uzi, anayechota tope karibu na tangi la maji na kujenga vijumba vya udongo ukutani. Huyo huishi peke yake, hana neno na mtu. Kavindu alimwacha ajenge hata nyuma ya picha ya harusi yao. Aina ya pili ni wale wa kahawia wanaoishi pamoja. Kiota chao hufanana na karatasi ya kijivu yenye matundu, nacho hutazama chini kikiwa kimening'inia kwa kikonyo kimoja. Hao walijenga chini ya paa, juu kidogo ya mlango wa jikoni, mvua za Novemba zilipoanza.

"Hawa wako na watoto hapo ndani," Kavindu aliniambia. "Ukiwaheshimu, hawana shida na wewe."

Na kweli aliwaheshimu. Mlango hakuubamiza tena. Ufagio aliuhamishia kona nyingine, na kuni mbichi hakuzigusa, maana moshi mzito uliwachafua roho. Nao kila asubuhi walikuwa kwenye sukuma wiki zake wakibeba viwavi. Nilimwonea wivu wa wazi, kwani zangu zilikuwa zimebaki mishipa mitupu.

Mbaluka naye ni mtu wa nyuki. Baba yake alitundika mizinga ya magogo, ile tunayoiita myatu, babu yake vilevile, na ukikaa naye kidogo utayasikia hayo yote upende usipende. Anapanda mti bila shati, anawapulizia nyuki moshi, anatoka na masega huku akipiga mluzi. Hakuna mdudu mwenye mabawa ambaye Mbaluka alidhani hamjui. Hapo ndipo alipopotea.

Jumamosi moja akina mama wa kanisa walitarajiwa kuja kuomba nyumbani kwao. Mbaluka ni mzee wa kanisa, na aliona aibu wageni wapite chini ya kiota cha nyigu.

"Mama Mbithe, hiyo kitu naitoa leo," alisema. Mbithe ni binti yao wa pekee, aliyeolewa Kitui mjini.

"Wacha tu, Baba Mbithe. Wageni tutawapitisha huku mbele, na chakula nitabeba mimi mwenyewe. Mvua ikiisha hao wataenda. Usiwaguse, nakuomba."

"Sawa," Mbaluka akajibu.

Niliisikia hiyo sawa kwa masikio yangu. Kavindu akaridhika nayo, akaingia jikoni kukoroga muthokoi wa wageni, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Niliinama kuchota maji, na nilipoinua kichwa Mbaluka alikuwa tayari juu ya ngazi, ameshika furushi lake la matambara na samadi kavu, moshi unafuka. Alitabasamu kama mtu anayewaandalia wenzake jambo zuri.

Nyuki akipigwa moshi hukimbilia asali, hujaza tumbo, hulegea. Nyigu hana asali. Ana watoto tu. Walitoka wote kwa pamoja, moshi ukawasukuma chini, wakaingia kwenye mlango wa jikoni, na mlango huo ni mmoja. Kavindu alikuwa amesimama pale ndani na mwiko mkononi.

Walimuuma shingoni, masikioni, midomoni. Mbaluka alipata mwiba mmoja kidoleni, na mwili wake umezoea. Tulipomfikisha Kavindu kwenye tangi, macho yalikuwa yamefungwa kwa uvimbe na pumzi yake inatoa sauti ya filimbi. Nilipanda naye pikipiki, nikimshikilia kwa nyuma, nikiomba na kulia na kumtukana Mbaluka, yote kwa mpigo. Tulifika hospitali kabla pumzi haijakatika. Daktari alisema mwili wake haustahimili sumu ile, na kwamba akiumwa tena huenda tusiwahi. Mbithe akamchukua mama yake akakae kwake.

Sasa nimwonee nani huruma? Ninamwonea Mbaluka pia, ingawa sipendi. Alikibomoa kiota. Aliwakwangua hata wale wa udongo nyuma ya picha, ambao hawakuwa wamemkosea mtu. Aliziba kila tundu la paa kwa waya na saruji. Kisha akaishusha mizinga yote, hata ile ya babu yake, akampelekea ndugu yake kule Mbumbuni. Siku hiyo alirudi akaketi mlangoni bila kula.

Halafu akaniomba nimsindikize Kitui, eti sisi wanawake tunaelewana. Tulimkuta Kavindu kwenye veranda akichambua pojo. Uso ulikuwa umerudi kuwa uso wake.

"Mama Mbithe, rudi nyumbani," alisema Mbaluka. "Hata sisimizi hakuna. Nyuki nimepeana zote."

"Zote?" Kavindu akaacha kuchambua. "Pole. Najua vile ulizipenda."

"Basi tuende."

"Baba Mbithe, nyigu waliniuma kwa sababu walichokozwa. Wewe ni nani alikuchokoza?"

"Nilitaka tu wageni wasione..."

"Nilikuomba, ukasema sawa. Ungekataa ningejua, ningetoka kwa hiyo jikoni. Nilikaa ndani kwa sababu nilikuamini." Akainamia pojo zake tena. "Nyigu nilijua kuishi nao. Hiyo sawa yako ndiyo sijui nitaishi nayo namna gani."

Mbaluka alivua kofia, akajifuta uso nayo. Nilitamani Kavindu aseme neno moja zaidi, hata la matusi, lakini alituuliza tu kama tutakunywa chai.

Imepita misimu kadhaa ya mvua tangu hapo, na bado yuko kwa Mbithe. Mbaluka anajipikia mwenyewe. Siku hizi nikimwambia jambo, hata dogo kama mbuzi wake kuingia shambani kwangu, huweka chini alichoshika, hunisikiliza hadi mwisho, kisha huuliza kama amenielewa vizuri. Mimi huumia sana anapofanya hivyo, kwa sababu aliyehitaji kusikilizwa namna ile hayupo.