Maji Safi ya Yaya Orpha

Dada yangu Orpha hajui kukaa kitako. Nasema hivyo mimi Clémentine, mdogo wake aliyebebwa mgongoni mwake, kwa hiyo mtu asije kuniambia namsengenya. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mfagiaji katika wodi ya wazazi ya hospitali moja hapa Likasi. Sakafu, vitanda, mabeseni, kuta mpaka pale mkono unapofika, vyote alivisugua kwa javeli, ile dawa ya maji inayochoma pua. Alipostaafu aliihamishia kazi nyumbani kwake, kule Panda. Ukiingia kwa yaya, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, unavua viatu mlangoni, halafu unaitazama miguu yako mwenyewe na kuionea aibu.

Mume wake, shemeki Barthélemy, alikuwa fundi wa mitambo kiwandani. Alikuwa mtu wa masimulizi; akianza habari ya mashine iliyokwama, chai inapoa mezani na hujainywa. Mwezi wa kwanza mwaka huu mshipa ulimpasuka kichwani. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakaondoka. Anasikia, anaelewa, ila mdomo hautoi kitu. Daktari alisema sauti inaweza kurudi, mradi mgonjwa awe na kitu cha kumfanya aitafute. Shemeki hakuwa na kitu hicho. Alikuwa amegeuza uso ukutani, anakula vijiko viwili na kufunga mdomo, na ilipofika Pasaka mashati yake yote yalikuwa yamekuwa ya mtu mwingine.

Yaya akafanya anachokijua. Alimwogesha mara tatu kwa siku. Alibadilisha mashuka asubuhi na jioni. Chumba kilinukia usafi mpaka macho yanatoa machozi, na mwanaume yule alikuwa anatuponyoka katikati ya usafi huo.

Ndipo alipokuja Papa Mukendi, rafiki wa shemeki wa tangu ujana, aliyefanya kwa miaka mingi kazi ya kupima maji kwenye maabara ya kiwanda. Alikuja amebeba sanduku la kioo, pampu ndogo ya kupuliza hewa, kipande cha sponji cha kuchujia maji, mawe ya mtoni, kitita cha majani ya majini, na samaki kumi na wawili wanaoitwa gupi. Hawafiki urefu wa kidole, na mikia yao ina rangi kama vitenge vya sikukuu. Mimi nilicheka. Nauza samaki sokoni kwa miaka ishirini, na samaki ninayemjua amekaushwa na amelala kwenye kikapu.

"Ile ata mu sosi haionekane," nilimwambia.

Papa Mukendi aliliweka sanduku pale pale ukutani, upande ule ambao shemeki alikuwa ameugeuzia uso, akachomeka pampu, akaenda zake.

Wiki haikuisha. Shemeki alimfanyia yaya ishara amwinue, amwekee mito mgongoni. Akaanza kula huku anatazama, na sahani ikarudi jikoni tupu. Kila asubuhi alinyoosha mkono wa kushoto na kugusa kioo kwa kidole, mara moja kwa kila samaki, mpaka kumi na mbili. Akifika mwisho anamtazama yaya kama anayesema wapo wote. Nilimkuta yaya jikoni siku moja analia huku anasugua sufuria iliyokwisha kung'aa. Nikalia na mimi, kwa nini nifiche.

Kisha Papa Mukendi akasafiri kwenda Kolwezi, binti yake alikuwa anakaribia kujifungua. Kabla ya kuondoka alimwachia yaya maagizo: chakula kidogo, maji kidogo, usisafishe sana. Yaya alisikia neno safisha, mengine yakapita.

Hapa kwetu, tangu miaka ya kipindupindu, maji ya kunywa hayakai ndani ya nyumba bila matone ya javeli kwenye bidon, yaani dumu. Ni desturi ya kila nyumba, hata mtoto anajua kuhesabu matone. Maji ya namna hiyo ndiyo anayopewa mgeni wa heshima. Sasa yaya angewapa samaki maji gani mengine?

"Ile masamaki njo inamurudisha bwana yangu," aliniambia. "Itakunywa maji ile ile tunakunywa siye."

Kila Jumamosi alimwaga maji yote. Alisugua mawe kwa brashi moja moja. Sponji aliiloweka kwenye javeli mpaka ikawa nyeupe kama siku iliyonunuliwa. Alijaza maji ya bidon, akapangusa kioo, ukiingia unadhani hakuna maji kabisa, samaki wanaelea hewani. Jumapili ya kwanza asubuhi watatu walikuwa wamekufa.

Yaya akaona usafi haujatosha. Akaongeza Jumatano. Na ili waliobaki wapate nguvu, akawa anawamegea bukari, ugali wetu wenyewe. Bukari ikaozea chini ya mawe, maji yakanuka. Nani alisema, yaya, ii maji inanuka, ongeza dawa? Ni mimi. Nani alimletea chupa mpya ya javeli kutoka sokoni? Ni mimi huyu huyu. Nayaandika haya ili ijulikane kwamba hakuwa peke yake.

Aliwatoa waliokufa mapema, kabla shemeki hajaamka, akidhani hataona. Lakini kidole kilikuwa kinahesabu. Tisa. Saba. Wanne. Asubuhi waliyobaki watatu shemeki hakuunyoosha mkono. Ukuta alikuwa ameshaugeukia, hakuwa na pa kugeukia tena, kwa hiyo akafumba macho. Yaya aliuleta uji, mdomo haukufunguka. Mchana haukufunguka. Siku ya pili yaya alikuja kunitafuta sokoni, yeye ambaye hapendi soko kwa sababu ya matope, akasimama mbele ya vikapu vyangu na kusema, "Clémentine, minamuua."

Mungu hakutusahau, Papa Mukendi alirudi juma hilo hilo. Aliingia chumbani, akamsalimia rafiki yake aliyefumba macho, kisha akainamia sanduku na kunusa.

"Mama Orpha, unatiaka nini mu ii maji?"

"Javel kadogo tu, Papa. Matone sawa ile ya kwetu ya kunywa."

"Na éponge?" Alionyesha sponji.

"Ile ninaifulaka muzuri. Na javel."

Mimi nilijua tunaotakiwa kugombezwa ni sisi wawili, na nilikuwa tayari kujibu kwa ukali. Hakugombeza mtu. Alivuta kiti na kuongea taratibu, kama mtu anayesoma barua kwa sauti.

"Samaki anakojoa mu maji ile ile anapumua. Ile mukojo ni sumu. Sasa kuko tududu tudogo, macho haituone, tunaishi mu éponge na mu mawe. Njo tunakula ile sumu. Weye ukifula na javel, unatuua tote, na samaki anabakia na sumu yake. Na javel yenyewe inamuchoma mu mashavu, kule anapumulia."

"Tududu ya muzuri?" Yaya alimtazama kama amesikia habari za shetani mwema. "Ku hospitali banatufundishaka tududu yote ni ya mubaya."

"Ku hospitali, ndiyo. Hapa, hapana."

Jioni ile alirudi na sufuria. Ndani, katika maji yake yenyewe, kulikuwa na nusu ya sponji ya samaki wake wa nyumbani, ya kahawia, inateleza, inatia kinyaa. Alisema hiyo ndiyo dawa. Yaya alishika mlango. Uchafu wa nyumba nyingine ulikuwa unaingizwa kwake mchana kweupe, na yeye ndiye aliyetakiwa kusema asante, Papa. Alisema.

Sheria zilikuwa chache. Maji mapya yakae siku mbili kwenye beseni wazi, nje, mpaka javeli itoke yenyewe. Kila siku ya tatu kutoa robo tu, kwa bakuli, na kurudisha robo. Sponji isuuzwe katika maji ya samaki yanayotolewa, basi. Chakula kile cha samaki, si bukari, kiasi wanachokimaliza kabla sala ya Baba Yetu haijaisha. "Na zaidi ya yote," alisema Papa Mukendi, "uikale, uangalie." Kuikala kwetu ni kukaa kitako. Alionya pia kwamba maji yatachafuka kwanza, na kwamba yasiguswe zaidi ya robo hiyo.

Yakachafuka kweli. Siku ya nne yalikuwa kama maji yaliyooshewa mchele. Sijawahi kumwona dada yangu akiteseka vile. Mikono ilikuwa inatafuta kitambaa yenyewe. Alikaa ukingoni mwa kiti, akainuka, akakaa, akainuka. Umeme ulipokatika na pampu kunyamaza, alilizungushia sanduku blanketi lake mwenyewe, maana baridi ya mwezi wa sita ilikuwa imeingia, akachota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena kutoka juu ili samaki wapate hewa. Kikombe baada ya kikombe, saa nzima. Kwa sauti ile ya maji, aliniambia, shemeki alifumbua jicho. Asubuhi yake alimeza uji vijiko vitano.

Siku ya saba nilipita kwao nikitoka sokoni. Yaya alikuwa uani kwenye beseni lake la maji yaliyopumzika, na maharagwe yalikuwa motoni. Niliingia chumbani peke yangu. Shemeki alikuwa ameegemea mito. Maji yalikuwa bado na ukungu, na samaki mmoja kati ya wale watatu, jike mwenye tumbo nene, alikuwa amejificha nyuma ya majani, hasogei. Nikajua huyo anakufa. Na uvumilivu mimi sikupewa. Niliwaza, huyu mzee wa maabara na tududu twake ataniulia shemeki na dada pamoja. Nikavuta ndoo, nikakamata bakuli, nikaanza kuchota ili nimwage yote na nianze upya kwa maji ya bidon. Bakuli la kwanza nikalitia ndooni. Nikainamia la pili.

Kitenge changu kilivutwa. Nikadhani kimenasa kwenye kitanda, nikakivuta. Kikavutwa tena.

"Ba," ilisema sauti nyuma yangu. "Batoto."

Ilikuwa nzito, imekwaruza, lakini ilikuwa yake. Miezi mitano hatukuisikia. Niligeuka na bakuli mkononi. Shemeki alikuwa ameshika kitenge changu kwa mkono wa kushoto na macho yake yako kwenye ndoo. Nikatazama. Ndani ya ndoo kulikuwa na vitu viwili, vyembamba kama sindano iliyovunjika, macho mawili na mkia, vinaogelea. Nikatazama majani ya majini. Kulikuwa na wengine; yule jike hakuwa anakufa, alikuwa amezaa, maana gupi hawatagi mayai.

Sijui niliita vipi, ila yaya alikuja mbio mikono inachuruzika maji. Aliona ndoo, aliona bakuli, akanielewa bila kuuliza. Hakunitukana, na ingekuwa haki yake. Alipiga magoti, akawachota wale wawili kwa kikombe mmoja mmoja, akawarudisha kwa mama yao.

"Batoto," shemeki akasema tena, na yaya akageuka.

Alikuwa hajaisikia ile ya kwanza. Alibaki pale chini na kikombe chake, anamtazama. Kisha, nawaambia ukweli, alianza kuinuka na kutafuta kitambaa, kwa sababu maji yalikuwa yamemwagika sakafuni na yeye ni yeye.

"Orpha," alisema mumewe. Akavuta pumzi, akahangaika na mdomo wake mzito, na kidole cha kushoto kikapapasa pembeni ya kitanda. "Ikala."

Yaya aliketi pembeni ya kitanda, mwili mzima, mgongo ukaegemea mito. Shemeki alinyoosha mkono na kuanza kugusa kioo, mmoja, wawili, watatu, anapotea, anaanza tena. Harufu ya maharagwe yanayoungua ilifika chumbani. Tuliisikia wote watatu, na hakuna aliyeinuka.